Koku, Mawe Hayo Usiyaoshe

Ipo siku moja ya ujana wangu kule Kishanda ambayo huikumbuka kila nikiliona tangi lako la kioo, mwanangu Koku. Mjukuu naye ni mwana, ndiyo maana nakuita hivyo. Uliponiambia unafuga matumbawe hapo Buhembe, nilicheka hadi nikakohoa. Ziwa zima la maji baridi liko mlangoni, wewe unakoroga chumvi kwenye ndoo! Lakini nilipoyaona yakifumbua vidole vyake, kicheko kilikwisha, nikavuta kiti.

Kisha yakafa. Mawe ya tangini yalikuwa yameota utando wa kahawia, ukayatoa, ukayasugua kwa maji ya moto pamoja na kichujio, na matumbawe yakageuka meupe. Ulilia, nami niliumia. Sasa umeahidiwa vipande vingine, unaogopa kuviua tena, na unaniuliza mimi, mzee wa kahawa na migomba, uchukue kichujio gani. Kuuliza si ujinga, ila safari hii hata muulizwa bado anajifunza.

Siku hiyo ya Kishanda tulikuwa tukiandaa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kupeleka ukweni kwa kaka yangu. Mtumbwi wa kukamulia ndizi ulikuwa mweusi ndani, una utando, unanuka uchachu. Mimi, kijana mpenda usafi, nikaleta maji ya moto na sabuni. Baba mkubwa, Ta Kaijage, akanidaka mkono.

"Waitu, jamani, unataka kuua wenyeji?"

"Wenyeji gani, Ta? Mbona siwaoni?"

"Hata mimi siwaoni. Lakini ukiwaosha hao, nani atachachusha? Tupeleke juisi ukweni, watucheke!"

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sabuni ni mgeni wa kuja mwenyeji afe. Nilimwaga ndoo nimenuna, nikasuuza mtumbwi kwa maji matupu. Kesho yake niliinama kusikiliza rubisi ikichemka yenyewe bila moto. Nilishangaa, na bado nashangaa.

Basi ulipokuja kunieleza kwamba ndani ya mawe yako wamo vijidudu wanaokula uchafu wa tangi, nilikuelewa upesi kuliko ulivyotegemea. Hao ndio kichujio chako cha kwanza, mwanangu. Kati ya vile vitatu ulivyonionyesha, mashine ya kutoa povu iache, tangi lako ni dogo. Lile kopo kubwa la kukaa chini ya meza nalo utachoka kulifungua, nakujua, na uchafu utaozea humo. Chukua kile kidogo cha kuning'inia ukingoni, ambacho sponji yake unaifikia kwa mkono. Isuuze mara kwa mara, lakini kwa maji ya chumvi uliyoyachota humo humo tangini siku ya kubadilisha maji, si ya bomba. Mawe usiyasugue. Na matumbawe usiyalete kesho. Subiri vijidudu waongezeke kwanza, pima maji hadi sumu ya uchafu iishe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mungu akupe mkono mpole, akupe na moyo wa kungoja, na kila unachokilea kiishi. Yakifumbuka, mtume mtu aje anichukue, hata kama goti linauma. Nimezeekea hapa hapa kando ya ziwa, Koku, na bahari sijaiona. Nataka kuiona kwako.