Sweta Isiyotaka Moto

Asubuhi ya Jumamosi, mlango wa chuma wa duka la dobi La Nube, hapa mtaa wa Breña, Lima, umeinuliwa nusu tu. Ndani, Filomena Ayquipa anafungua mfuko ambao si wake.

Anatoa shuka kubwa ya kitanda cha watu wawili na foronya mbili. Anatoa joho la zambarau la maandamano ya kidini ya Bwana wa Miujiza, kamba yake nyeupe ikiwa imeviringwa vizuri. Mwishoni, kwa mikono miwili, anatoa sweta ya kijivu ya sufu ya alpaka ambayo mkono wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia.

Anaunusa mkono ule mrefu, kisha anakunja uso.

"Imeshaanza," anasema. "Wiki moja tu, imeshaanza."

Kilichoanza ni uvundo. Aliyepitisha majira ya baridi Lima haitaji kuelezwa. Mbingu zinatukalia juu ya mapaa miezi na miezi, manyunyu hayatoshi kuitwa mvua na hayakatiki hata soksi ikauke. Bado kila mtu anapanda darini kuanika, akijiambia kesho jua litatoka. Halitoki. Nguo zinashushwa zikiwa na harufu ya mbwa aliyelowa, zinafungiwa kabatini, na ukungu unafanya kazi yake kimyakimya.

Filomena anakung'uta shuka, anaitia kwenye mashine ndogo ya kukaushia, ya mwisho, ile iliyo karibu na ukuta, pamoja na foronya na joho. Kitufe anakizungusha mpaka pale pasipo na moto, hewa tupu tu. Sweta haingii. Anaitandaza juu ya taulo, kwenye kifuniko cha mashine ya jirani yenye joto la wastani, na kuinyoosha kwa viganja mikono yote miwili, mrefu na mfupi.

"Hii ukiizungusha, hata bila moto, inajisokota yenyewe kwa yenyewe," anasema. "Inatoka ndogo, ngumu kama kofia. Hapo hata mtakatifu hairudishi."

Amefanya hivi kila Jumamosi tangu Julai. Hakuna anayemlipa. Mwenye mfuko hajaonekana, na señora Pierina Bacigalupo, mwenye duka, amesema kwamba Jumatatu mfuko huo unapelekwa parokiani kugawiwa maskini.

Filomena ana miaka hamsini na tisa. Alitoka Andahuaylas, kule milimani, akiwa msichana, akaolewa hapa, akazaa binti mmoja. Mumewe alikwenda machimbo ya dhahabu Madre de Dios. Hakurudi wala hakufa. Binti, Yesenia, yuko Turin, Italia, anamtunza ajuza wa Kiitaliano ambaye wanawe wanaishi mitaa miwili kutoka hapo.

"Anamwogesha, anamlisha, anamchana nywele," anasema Filomena. "Jumapili ananitumia ujumbe wa sauti. Namsikia yule bibi nyuma, anamwita 'binti yangu.' Nitasema nini? Ndiyo kazi."

Mshahara wa Filomena ni kima cha chini, na chumba anachopanga nyuma ya soko kinakula karibu nusu. Lakini ukimuuliza kuhusu shida zake, hazungumzii mshahara. Anakuonyesha ndoano.

Ni ndoano ya kawaida, imepigiliwa ukutani usawa wa kifua. Shuka pana haikunjiki na mtu mmoja bila kuburuzika sakafuni. Kwa hiyo Filomena hutundika ncha mbili kwenye ndoano, hushika mbili zilizobaki, hurudi nyuma hadi shuka ikakazika, kisha huifuata ndoano. Siku nzima anakunja na ukuta.

"Ukuta hauna matata," anasema. "Haukosei pembe, ila hausemi habari za asubuhi."

Mtu pekee aliyewahi kushika ncha ya pili ni don Eleodoro Zumaeta, fundi cherehani mstaafu. Alianza kuja baada ya kufiwa na mkewe Zoraida. Kila Jumamosi alileta shuka ya kitanda cha watu wawili na foronya mbili, ingawa kichwa kilikuwa kimebaki kimoja. Filomena hakuwahi kumuuliza.

Siku ya kwanza mzee alimwona anahangaika na ndoano, akazunguka kaunta bila kualikwa.

"Lete hapa, doña Filo. Unaikunja kama unafunga mbuzi."

"Don Eleodoro, wateja hawaruhusiwi ndani."

"Mimi si mteja, ni pembe mbili za shuka. Shika."

Tangu hapo ikawa desturi. Hatua mbele, pembe kwa pembe, hatua nyuma. Walibishana tu, kama watu waliojuana zamani. Yeye akitaka shuka itolewe mashinani ikiwa kavu kabisa, Filomena akikataa.

"Ikikauka hadi mwisho inakatika roho," alimwambia. "Itoe ikiwa na unyevu kidogo, ikunje ingali na joto. Inajinyoosha yenyewe, huhitaji pasi."

"Zoraida naye alisema hivyohivyo. Wanawake mmefundishwa shule moja."

"Na wanaume hamkupelekwa."

Mabishano yenyewe yalikuwa hayo tu. Filomena anakiri kwamba Ijumaa jioni alikuwa akichagua blauzi ya kesho yake.

Jumamosi ya mwisho, mwezi wa Julai, don Eleodoro alileta mfuko wenye sweta na joho pia, vitu ambavyo hakuwa amewahi kuvileta. Akasema, "Jumamosi basi, doña Filo," kama siku zote. Hakurudi.

Duka linajaa mapema leo. Oktoba imeingia, na Breña nzima imekumbuka majoho yake. Yamekaa mfukoni tangu mwaka jana, yananuka ubani na ukungu kwa pamoja, na kila mwenye joho analitaka kabla ya maandamano. Wengine walishajaribu nyumbani kwa moto wa juu kabisa. Kila mwaka utawaona mitaani: wanaume wazima, wacha Mungu, majoho yameishia magotini.

"Doña Filo, niokoe," anasema kijana mmoja akiinua lake.

"Hili nikuokolee vipi, mwanangu? Mpe mdogo wako."

"Sina mdogo."

"Basi funika magoti."

Watu wanacheka. Filomena hacheki sana. Mikono yake iko kazini. Anafunga zipu, anageuza jinzi nje ndani, anatenga taulo nzito na mashati mepesi. Kabla ya kila mzigo anavuta chujio na kukwangua kwa kidole ule utando laini wa nyuzi, anaubwaga ndani ya kopo. Mteja mmoja anasukuma furushi lake lote ndani ya mashine moja, na Filomena analitoa nusu bila kuomba ruhusa.

"Watu wanadhani mashine inakausha kwa moto," anasema. "Inakausha kwa nafasi. Ukiishindilia, nguo zinakuwa bonge moja, nje zinaungua, ndani mbichi. Ziache ziruke, zianguke, zipate hewa."

Señora Pierina anaingia na mwavuli wake. Si mtu mbaya. Ana kodi ya kulipa na rafu chache. Anaiona sweta juu ya mashine.

"Filo, tulisemaje? Hapa ni dobi au stoo ya mizigo?"

"Jumatatu, señora. Ulisema Jumatatu."

"Huyo mzee amekufa, mwanamke wewe! Miezi mitatu! Huo si mfuko, ni urithi."

Filomena anaendelea kukunja foronya ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Mwandishi wa makala haya ameona watu wakilia kwa sauti na hajaona huzuni kama ya foronya ile.

Anayejibu ni Wilfredo Tasayco, jitu la mtu, mmoja wa wanaobeba mabegani picha takatifu ya Bwana katika maandamano. Amekuja kuchukua joho lake, lakini macho yake yako kwenye lile lililotoka mashine ya mwisho, kwenye beji ya kikosi cha wabebaji iliyoshonwa kifuani.

"Hiyo ni ya kikosi chetu," anasema. "Na mshono huo naujua. Hilo ni joho la ndugu Zumaeta."

"Unamfahamu?" Filomena anauliza.

"Namfahamu? Ameshona majoho ya nusu ya kikosi. Mwanawe aliuza nyumba, akampeleka kwenye makao ya wazee, kule Pueblo Libre. Hajafa, bibie. Amefungiwa tu."

Filomena anakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia. Señora Pierina anafunga mwavuli wake, anaufungua, anaufunga tena. Kisha anasema, kwa sauti ya chini, kwamba kesho Jumapili duka limefungwa na mtu mwenye miguu anaweza kufika Pueblo Libre.

Jumapili Filomena anatembea, mfuko kifuani, umefunikwa nailoni kwa ajili ya manyunyu. Amevaa blauzi ya Jumamosi. Mwandishi anamsindikiza, Tasayco yuko mbele akiongoza.

Makao yenyewe ni nyumba ya zamani yenye ua wa vigae. Watunzaji ni wawili kwa wazee wengi, wanakimbia huku na huku, na haki yao wapewe. Don Eleodoro yuko kwenye benchi, amevaa pajama ambazo mikono yake imeishia kwenye viwiko na miguu imeishia chini kidogo ya magoti. Wazee wote uani wako hivyo, kama watoto waliorefuka usiku mmoja.

Anamwona Filomena. Hasimami. Anavuta mikono ya pajama kwa aibu, na haivutiki.

"Doña Filo," anasema. "Umezunguka kaunta."

"Nimekuletea mfuko wako, don Eleodoro. Ulitaka nizeeke nao?"

Filomena anatarajia afurahi. Mzee anauangalia mfuko kama mtu aliyeletewa habari mbaya, anatikisa kichwa.

"Rudi nao."

"Nini?"

"Rudi nao, tafadhali. Hapa wana mashine moja na moto mmoja. Kila kitu kinaingia pamoja, mablanketi na soksi, kinatoka hivi." Anainua kiwiko. "Niliambiwa nina wiki moja ya kuhama. Nikajiuliza, sweta ya Zoraida nitaificha wapi? Chini ya godoro wataipata. Nikakuletea wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenihurumia. Nilitaka siku ya mwisho tukunje shuka kama siku zote."

Machozi yanamtoka Filomena waziwazi, anayafuta kwa nailoni yenye manyunyu, ambayo haifuti kitu. Tasayco anageuka kutazama vigae.

Wakati huo wote, Filomena anaeleza baadaye, yeye alikuwa akidhani amesahauliwa. Miezi mitatu alikuwa akiupepea mfuko ule kwa hasira kidogo, akisema moyoni kwamba hata huyu naye ameondoka bila kuaga. Kumbe yeye ndiye aliyeaminiwa kuliko mwana wa kumzaa.

Anatoa sweta. Haina uvundo, haijapungua hata uzi. Don Eleodoro anaitazama mikono miwili isiyolingana. Zoraida, anasema, alifuma wa kushoto akiwa tayari haoni vizuri, akakataa kuufumua.

"Ivae," anasema Filomena.

"Wataichukua."

"Ivae nikiwepo. Nikiondoka naondoka nayo."

Anaivaa juu ya pajama. Mkono wa kushoto unamfunika hadi vidoleni, naye anauacha hivyohivyo. Kisha Filomena anatoa ile shuka ya watu wawili, ambayo ilikuwa imeshakunjwa barabara, anaikung'uta ikafunguka uani mbele ya wazee wote.

"Ilikaa vibaya," anasema. "Shika pembe zako."

"Mwongo wewe," anasema mzee, lakini anasimama.

Hatua mbele, pembe kwa pembe, hatua nyuma. Wazee wengine wanatazama kana kwamba ni maandamano yanayopita.

Kuhusu joho, Tasayco ameahidi kuja kumchukua siku ya maandamano. Hatabeba, mabega hayawezi tena. Atatembea pembeni, joho limefika vifundoni kama inavyotakiwa. Joho litakwenda moja kwa moja kutoka La Nube, lisipite kwenye mashine ya makao hata kidogo.

Kuhusu mfuko, señora Pierina ameshaulizwa kwa simu. Alinung'unika, akasema rafu ya juu kabisa, kule pembeni, haitumiki.

Mpango wa Filomena ni mdogo. Kila Jumapili atazichukua nguo za don Eleodoro zikiwa chafu na kumletea za wiki iliyopita zikiwa safi. Sweta ataileta ivaliwe saa chache, kisha aondoke nayo. Anajua itachosha, kwani Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kulala. Pia anajua mzee ana umri gani, na kwamba kuna Jumapili itafika ambayo sweta haitakuwa na wa kuivaa.

"Ile ndoano sitaing'oa," anasema. "Bado naihitaji Jumatatu hadi Jumamosi."

Tunarudi Breña kwa miguu. Simu yake inalia, ni ujumbe wa Yesenia kutoka Turin, lakini safari hii hausikilizi njiani. Mikono yake imejaa. Ameikumbatia sweta chini ya nailoni, manyunyu yasiifikie, na bado ina joto la mtu.