Walipotuita Turudi Ofisini

Nakumbuka Ijumaa moja, hapa mtaani Al Mansoura, Doha, shangazi yangu Mwanaidi alipoacha kuchambua dagaa akaniuliza, "Wanakutaka wewe, au wanaitaka kazi yako?" Mimi niliyezoea kuwauliza watu maswali mpaka wakanikimbia, nilibaki kuitazama sinia.

Mdogo wangu, umri wa kukuita mwanangu bado sijaufikia. Lakini umeniandikia kwamba kampuni yenu imewaamuru mrudi ofisini, na kwamba kesho unaacha kazi. Njia hiyo nimeipita, ingawa sina hakika nilitokea upande gani.

Kazi yangu ilikuwa kujaribu programu za simu na kuzitafutia kasoro kabla hazijawafikia wateja. Niliifanyia chumbani kwa miaka, na hakuna aliyelalamika. Kisha ikaja amri: kuanzia Jumapili, ambayo hapa ndiyo siku ya kwanza ya kazi, kila mtu awe ofisini, kwa kuwa kazi nzuri hufanywa na watu walio pamoja. Nikaenda. Nikakuta jukumu langu jipya ni kuvaa hedifoni na kumfundisha kazi yangu msichana aitwaye Njeri, aliyekuwa Nairobi.

Hebu nieleze wewe. Ikiwa kazi lazima ifanywe pamoja, Njeri alikuwa pamoja na nani? Na ikiwa yaweza kufanywa Nairobi, mimi nilipanda treni ya metro kila asubuhi kufuata nini? Nilimuuliza meneja. Akatabasamu, akasema ni swali zuri.

Wenzangu walinishauri nimfundishe nusu nusu. Nilishindwa. Aliniita dada, na siku moja alishusha sauti akauliza, "Dada, ukishamaliza kunifundisha, wanakupeleka wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Pole," akasema. "Mimi niliambiwa umepandishwa cheo."

Hapo ndipo nilipoandika barua ya kuacha kazi, kali kama pilipili. Kibali changu cha kukaa Qatar kilitegemea mwajiri huyo; nikiondoka kwa hasira, huenda ningerudi Tanga mikono mitupu. Nilijua hivyo, na bado nilitaka kuituma. Ijumaa ile nikamsomea shangazi, ambaye amepika katika hoteli za mji huu kwa miaka mingi. Akaniuliza swali lake, akangoja, kisha akasema, "Mwanangu, akufukuzaye hakwambii toka."

"Kwa hiyo niondoke?"

"Hakwambii. Basi wewe kaa mpaka akuambie."

Nikambishia kwamba methali ile haina maana hiyo. Kila mtu huitumia kumwambia mwenzake afungashe. Akarudi kwenye dagaa wake. "Haya, msomi. Methali wamekufundisha. Kukaa hawakukufundisha."

Nikakaa, bila kuelewa nakaa kwa nini. Nilimfundisha Njeri kila nilichokijua, na jioni nikatafuta kazi kwingine. Baada ya miezi, meneja aliniita, na safari hii hakutabasamu. Alilitamka mwenyewe: kazi yangu inahamia Nairobi. Nilikasirika, lakini nilipata pia ahueni ambayo mpaka leo siielewi. Kwa kuwa wao ndio walioniondoa, walinipa muda, na kabla haujaisha nikapata mwajiri mwingine hapa hapa Doha. Ilikuwa hekima, au bahati? Husemwa mvumilivu hula mbivu. Mimi mbivu nyingi sijaziona.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Usiitume barua uliyoiandika kwa hasira. Anayetaka uende, mwache alibebe neno lake, usimbebee. Anayepewa kazi yako usimfanye adui, maana naye kuna alichodanganywa. Na unapongoja, usingoje bure: tafuta. Mola akufungulie mlango kabla huo mwingine haujafungwa, akupe ulimi wa kuuliza na kifua cha kuyabeba majibu.

Jambo moja shangazi hakuniambia. Nililisikia kwa mama, baadaye sana. Shangazi alipokuwa kijana katika jiko la hoteli yake ya kwanza hapa, mkuu wa jiko aliacha kumwitikia salamu. Naye akaikumbuka methali ile ile, akafungasha, akarudi Tanga, na ilimchukua miaka kupata njia ya kuja tena. Hadi leo hajui kama kuna aliyekuwa akimfukuza.