Mama Nelima na Shahidi Wake

Siku ya kwanza kufanya biashara na Nafuna nilidhani ni mwizi. Nilikuwa nauza mablanketi na mashuka ya mitumba Soko la Toi, naye alikuwa ameshika blanketi moja zito la kijani. Tulikuwa tumebishana bei mpaka mate yakanikauka. Kila nikishuka kidogo, analigeuza kutafuta tundu. Hapati. Analigeuza tena.

"Mama, hilo halinunuliwi kwa mdomo," nikamwambia.

"Sikuja na mdomo peke yake, nimekuja na macho. Hapa pamelika."

"Hapo ni pindo."

"Basi pindo limelika."

Mara akachuchumaa, akaingia chini ya meza yangu na blanketi langu, akajifunika gubigubi. Nikashika ncha moja kabla mali yangu haijapotea.

"Toka huko."

"Nyamaza, mama. Amepita?"

"Nani?"

"Yule mwenye msumeno. Ni mkwe wangu."

Nikatazama. Kijana mrefu, msumeno umefungwa kwa gazeti, anauliza bei ya soksi na hana habari. Sisi Wajaluo pia tunaheshimu wakwe, lakini hatuingii chini ya meza. Wabukusu, nilikuja kujua, hawana mchezo na jambo hilo. Mama mkwe hampi mkono mume wa binti yake, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Mkwe akimwona bila nguo, hata kwa bahati mbaya, lazima wazee wakae na mnyama achinjwe. Mpaka hapo nyumba hizo mbili hazikanyagani.

Alipotoka, vumbi limemjaa magotini, nikamwambia, "Sasa umelivaa. Hilo ni lako."

"Nimelivaa chini ya meza, penye uchafu. Limeshuka bei."

Nikacheka, na mimi nikicheka huwa nimeshashindwa. Akaondoka nalo kwa bei yake.

Baada ya hapo alikuja kuuzia mboga kando ya meza yangu: kunde, saga, mrenda. Alikuwa mjane kutoka Kimilili, amepanga chumba Kambi Muru, Kibera, na wateja wake wazuri walikuwa akina mama wa mtaa wa Olympic, wale wanaotaka mboga imeshachambuliwa. Aliwachambulia huku akiwatoza uvivu wao, nami nikamheshimu kwa hilo. Binti yake, Nelima, aliolewa na yule kijana wa msumeno, Walubengo, seremala wa Kawangware.

"Mbona usihamie huko, uwe karibu na mtoto?" niliwahi kumuuliza.

"Kawangware ni ndogo kwa watu wawili kama sisi, Mama Billy. Nikikaa Kibera nina nafasi ya kumkwepa."

Lakini walipendana hao wawili, kwa mbali. Kigoda alichokalia sokoni Walubengo ndiye alikitengeneza, kikaletwa na Nelima. Na blanketi la kijani lilikuwa limepelekwa Kawangware kumngoja mjukuu.

Mjukuu akazaliwa, akaitwa Joan. Nafuna akawa anakwenda kumwona mchana, saa ambazo baba mtu yuko kazini. Adabu yenyewe ndiyo hiyo: unakwenda ukijua mwenye nyumba hayuko. Siku moja akafika, akakuta Nelima amempeleka mtoto kliniki. Keateka wa ile ploti, msimamizi wa vyumba vya kupanga, aliyekuwa na funguo za vyumba vyote, akamfungulia. "Ingia ungoje, mama, jua ni kali." Kisha akaingia nyuma yake, akafunga mlango.

Jina la huyo keateka silitaji. Mahakama ilisema hana hatia, nami nina biashara ya kulinda.

Walubengo alikuwa amesahau randa yake nyumbani, akairudia. Akasikia sauti ndani, akauvunja mlango wake mwenyewe. Nelima ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Mumewe alikuta kila kitu mbele ya macho yake, akageuza uso, akalitupa lile blanketi juu ya mama mkwe, akamburuta yule mtu nje kwa ukosi wa shati. Watu wa Kawangware wakajaa uani. Kuna aliyekuja na tairi na mwingine na mafuta ya taa. Walubengo, ambaye angeelewa hasira yao kuliko wote, akasimama katikati.

"Hapana. Huyu anaenda kwa sheria."

Wakamtii kwa kunung'unika. Nakumbuka tulimsifu sana.

Sheria ikaanza kutuonyesha ilivyo. Kituoni askari wa kaunta alimtazama Nafuna, mama wa makamo, kitambaa kichwani, akamgeukia mwenzake: "Kumbe hata hawa?" Wakacheka kidogo. Tukaenda kortini, wakasema faili haijapatikana. Tukarudi, hakimu yuko likizo. Tukarudi tena, wakili wa mshtakiwa ana malaria. Akina mama wa Toi tulikuwa tunafunga biashara na kwenda kukaa kwenye mabenchi yale, na kila mara tunarudi na tarehe nyingine. Keateka naye alikuwa nje kwa dhamana, na funguo zake mkononi kama kawaida. Nelima na mumewe wakahama ploti. Keateka hakuhama.

Halafu maneno yakatembea kutoka Kawangware mpaka Kibera. Huyo mama alikuwa anafuata nini kule mume wa binti akiwa hayuko? Mbona anangoja mwenye nyumba atoke? Ile heshima yake yote ikageuzwa kuwa dalili ya umalaya. Nafuna akaacha kuwachambulia wateja mboga mbele yao. Alikuwa anawapa fungu huku ametazama chini.

Mjomba wa keateka akanijia mimi, kwa sababu nasifika kwa kupatana. Alileta ofa: ng'ombe wa maziwa, apelekwe Kimilili, kesi iondolewe. Nilimkagua huyo mzee kama ninavyokagua marobota, na nikaona ana nafasi ya kuongeza. Nikampelekea Nafuna habari jinsi ilivyo.

"Ungekuwa wewe ungechukua?" akaniuliza.

"Hii korti sioni ikikupa kitu. Ng'ombe ni ng'ombe."

"Na watu wakiniuliza nilifuata nini Kawangware, ng'ombe ndiye atajibu?"

Nikaanza kukunja mashuka yangu.

"Nataka mtu mkubwa aseme kwamba yule alinikosea. Aseme watu wakisikia. Nikishapata hilo, wazee watachinja kile cha kuchinja kati yangu na mkwe, nami nitamshika Joan nikiwa nyumbani kwa mama yake. Sitaki kingine."

Basi nikamrudishia mzee ng'ombe wake.

Siku ya kusikizwa ilifika hatimaye. Inspekta aliyeendesha mashtaka alituita pembeni. Daktari alikuwa ameandika kwamba, kwa mama aliyezaa, hakuona alama ya kumthibitishia kitu. Neno la mwanamke peke yake halitoshi, akasema, hakimu atataka mtu wa kuliunga mkono. "Yule seremala ndiye kesi. Aliona. Akisema alichoona, tumemaliza."

Nafuna akaingia kwanza, Walubengo akabaki nje kama mashahidi wanavyobaki. Akina mama wa Toi tulijaza mabenchi ya nyuma, tumekuja kumpa nguvu.

"Alinifanyia tabia mbaya," Nafuna akasema.

"Tabia mbaya ni nini?" wakili wa keateka akauliza. "Hata kuvuta sigara ni tabia mbaya."

Watu wakacheka. Sikugeuka kuona ni nani, niliogopa isije ikawa ni mmoja wetu.

"Mama," hakimu akasema, "ni lazima useme alifanya nini."

Akasema. Alivitaja vyote kwa majina yake, kwa Kiswahili, polepole, ili karani apate kuandika. Karani akamwambia arudie, akarudia. Sisi tuliokuja kumpa nguvu tulikuwa tumeinamisha vichwa wote. Mimi nilitazama viatu vyangu kama vile vinauzwa. Mwanamke mmoja hapo mbele alikuwa wima, na ni yeye.

Wakili akamuuliza kwa nini alikwenda mchana, mkwe akiwa hayuko. Akaeleza desturi. Wakili akatabasamu, akasema hana swali zaidi.

Mapumziko ya chakula yakaja. Nafuna hakula. Akaniambia, "Nenda kwa mkwe. Mwambie asinionee haya. Mimi ndiye mwanamke na nimeshasema. Naye aseme."

"Toka nje akiingia, basi, asikuone."

Akafikiri. "Hapana. Nikitoka atadhani bado najificha. Nikikaa ndani atajua nimempa ruhusa."

Niliona ana akili. Mpaka leo naona alikuwa na akili, na ndipo kesi ilipopotelea.

Nikamkuta Walubengo amesimama karibu na choo cha korti, kofia mkononi, shati la kanisani limepigwa pasi. Nikampa ujumbe wote.

"Atakuwa ndani?" akauliza.

"Atakuwa ndani. Amesema useme."

"Nitayasemaje hayo mbele ya mama?"

"Kama alivyoyasema yeye."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaamini.

Akaitwa. Akaapa kwa Biblia. Kisha akainua macho na kumwona mama mkwe kwenye benchi, hakujifunika, anamtazama moja kwa moja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao. Akageuza uso ukutani, na huko ndiko alikotolea ushahidi.

"Ulivunja mlango. Uliona nini?" inspekta akauliza.

"Niliona huyo mtu."

"Anafanya nini?"

"Yuko ndani ya nyumba yangu."

"Na mlalamishi alikuwa wapi?"

"Kulikuwa na blanketi kitandani."

"Chini ya blanketi kulikuwa na nani?"

"Sikuangalia."

"Bwana, nani aliliweka blanketi hapo?"

Walubengo akazidi kuukazia ukuta macho. Nikasikia Nafuna, kwa sauti ndogo kabisa, akisema kwa Kibukusu neno ambalo sikulielewa. Karani akamwambia anyamaze.

"Mimi sikuona kitu," Walubengo akasema. "Kuhusu mama sikuona kitu chochote."

Hukumu tuliingoja wiki chache, na ilikuwa fupi. Hakimu alisema mlalamishi huenda anasema kweli, lakini sheria inataka kuungwa mkono, na shahidi aliyekuwepo hakuona kitu. Keateka akaachiliwa. Akapita mlangoni karibu nasi na mjomba wake. Mjomba akanitazama kama mtu ambaye ng'ombe wake bado yuko zizini.

Nje kukawa na kelele. Vijana wa Kawangware wakasema tungemmaliza siku ile ile, hii korti ni ya kulinda wanaume. Akina mama wakamzingira inspekta, mmoja akimuuliza kama na mama yake mzazi angetakiwa kuleta mashahidi. Inspekta akatuambia twende tukamuulize seremala wetu.

"Fundi," kijana mmoja akamwambia Walubengo, "kwani ulikuwa blind?"

"Nilimfunika," akajibu. "Kule ndani nilimfunika, na hapa pia nimemfunika. Mlitaka nimvue mara ya pili?"

Nafuna alikuwa amesikia. Akafunga leso yake vizuri, akaondoka kwa miguu.

Habari zilipofika Kimilili, wazee walisema mambo ni safi. Mkwe ameapa hakuona kitu, kwa hiyo hakuna cha kuchinja. Walubengo akafurahi, akamtuma Nelima sokoni. "Baba Joan anasema hakuna neno kati yenu, mama. Uje tu umwone mtoto, mchana kama zamani."

"Kama hakuona kitu, basi mimi nilikwenda Kawangware kufuata mwanamume," Nafuna akamjibu. "Mwambie hivyo. Na mtoto umlete wewe hapa."

Kile kigoda alikisukuma chini ya meza yangu, akawa anakaa juu ya debe.

Muda ukapita, Walubengo akapita Toi tena na msumeno wake. Mimi nilimwona kwanza, na bila kufikiri nikasogeza mashuka ili Nafuna apate pa kuingia.

Hakuingia. Alisimama mahali pake, mkono mmoja kiunoni, fungu la saga mkononi, akamtazama akija. Walubengo alipomwona alisimama ghafla kati ya watu. Kisha akaingia nyuma ya kibanda cha viatu, mwanamume mzima, na tukaona ncha ya msumeno inatikisika juu ya makoti mpaka ikatokea upande mwingine.

Keateka alibaki na kazi yake na jina safi. Walubengo alipata ukwe usio na doa, ila mama mkwe wake hakukanyaga tena kwake. Nelima humleta Joan sokoni, mtoto analala juu ya mashuka yangu, nami simtozi. Nafuna alisema neno lake mbele ya mtu mkubwa, likaandikwa, na hakuna lililobadilika. Wateja wa Olympic wanamwamkia kwa heshima, wanachukua mboga, wanatazama chini.

Siku hizi anawachambulia tena. Ni wao ndio hawamwangalii.