Swali la Limbert Choque

Mwanafunzi wangu msikivu kuliko wote alikuwa ameshazikwa kabla sijaanza kumfundisha.

Msinikatize. Sijalewa.

Naitwa Ximena, ni daktari hapa mjini Sucre. Nafundisha usalama wa mgonjwa kwa wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza, kwa mtandao: makosa ya hospitali yanatokeaje, na tuyazuieje kabla hayajaua mtu.

Wengi wanaingia, wanazima kamera, wanakwenda zao kula salteña, zile sambusa zetu za kuoka. Nawajua.

Limbert Choque naye alizima kamera, ila yumo. Anaandika polepole, herufi zimekosewa kibao.

"Dokta, rudia hapo kwenye kubadilishana zamu."

Narudia.

"Tena, tafadhali."

Yhesmin, binti mmoja ana mdomo huyo, akamtania: "We Limbert, hiyo zamu umeioa?"

Siku moja akaandika swali refu.

"Dokta, ndugu wa mgonjwa kashasema mapokezi kwamba mgonjwa hawezi penisilini, inamdhuru. Baadaye anaona nesi mwingine anaweka dawa kwenye dripu. Aseme tena? Au ni kukosa adabu?"

Kabla sijafungua mdomo, Yhesmin akadakia.

"Aseme hata mara mia! Akinyamaza hapo, si kamuua mwenyewe?"

Wengine wakacheka.

"Hapana, Yhesmin," nikasema. "Tukishaambiwa, mzigo ni wetu..."

Limbert alikuwa keshatoka.

Wiki iliyofuata, kimya. Na nyingine, kimya. Nikapiga ofisi ya chuo kuomba namba yake.

Karani akajibu. "Dokta, huyo kijana alifariki Februari. Alijiandikisha tu, hata kipindi kimoja hakuwahi kusoma. Hukuambiwa?"



Sasa nilikuwa namfundisha nani?

Jumamosi nikaenda kwao, Tarabuco. Nikamkuta baba yake, don Casimiro kama wanavyomwita kwa heshima, muoka mikate, unga hadi kwenye nyusi. Nilipotoa salamu tu, akainama.

"Sauti hiyo naijua. Nisamehe, Dokta. Nimekuibia masomo."

"Hujaniibia kitu, mzee wangu."

Akanipa kiti. Akasimulia huku amenipa mgongo, anakanda unga.

Limbert alipasuliwa kidole tumbo. Baba mtu alimwambia daktari wa mapokezi habari ya penisilini. Zamu ikabadilika, neno halikufika. Nesi mpya akaja na dawa ile ile, kijana bado kalala usingizi wa nusukaputi.

"Nilimwona akiiweka. Swali likanijia hadi mdomoni. Nikajiambia, Casimiro, hawa watu wamesoma, na ulishawaambia, usiwe msumbufu. Hata kofia nilikuwa nimeivua, kwa heshima."

Mikono ikasimama ndani ya unga.

"Kompyuta ya mwanangu ilikuwa bado inafungua darasa kwa jina lake. Nikakukuta unafundisha mambo hayo hayo. Nikasema, huyu ndiye wa kumuuliza. Yule binti akawahi kunijibu."

"Yule bado mtoto, mzee. Kosa ni letu, si lako."

"Kasema kweli, Dokta. Ndiyo maana imeniuma."

Niliongea mpaka sauti ikakauka. Nikamweleza kwamba kukumbuka ilikuwa kazi ya hospitali. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mgeni ili asimvunje moyo.

Nilirudi Sucre nikilia njia nzima, wala sioni aibu kulisema.

Nikamsimulia Yhesmin. Kesho yake, bila kuniaga, akapanda basi kwenda kumwomba msamaha. Alipiga magoti pale mlangoni, mbele ya wateja.

Don Casimiro akamnyanyua. Akamfungia mikate ya kula njiani. Halafu akamwambia maneno ambayo binti yule alinisimulia kwa kwikwi:

"Jibu lako usilibadilishe, mwanangu. Ukiwa daktari, waambie hivyo hivyo ndugu wa wagonjwa. Ila waambie wanapoingia tu, wakati mtu wao bado anapumua. Mimi hakuna aliyeniambia."

Mzee mwenyewe hakuingia tena darasani.

Basi wewe unayesoma hapa, ukimpeleka mtu wako hospitali, sumbua. Uliza, rudia, wakuone kero. Na wewe uliyevaa koti jeupe, ukisumbuliwa hivyo, sema asante.

Kuna mzee Tarabuco alikuwa na adabu, na mpaka leo hajisamehe.