Kiyoyozi cha Wageni Mia Mbili

Nimeolewa na mtu anayenuka, na hilo nalisema hata mbele yake. Mume wangu Watson ni fundi wa majokofu hapa Tunduma. Kazi alijifunzia kwenye foleni ya malori mpakani, akitengeneza mashine za baridi za makontena ya samaki na nyama. Lori likiharibika likakaa juani siku tatu, anayeitwa ni yeye, na anayefua ile ovaroli ni mimi. Nimeshakuta magamba ya samaki mfukoni, mende waliokauka, na siku moja mkia wa panya. Kwa hiyo nikisema kuna nyumba Kamsamba iliyonitia kinyaa kuliko hayo yote, naomba niaminiwe.

Hapa kwetu kiyoyozi ni cha nini? Mwezi wa sita tunavaa masweta mawili na bado tunakaa karibu na jiko. Viyoyozi Watson anavifunga huko bondeni Kamsamba, ambako joto linaingia na watu mpaka kitandani, na mvua zikianza, unyevu wa mashamba ya mpunga nao unaingia. Ndiko alikoitwa na Mzee Bugalama, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na mpunga mwingi, aliyekuwa amemaliza kujenga nyumba ya vyumba vinne na sebule kubwa. Alitaka kiyoyozi cha nyumba nzima: mashine moja nje, mabomba ya hewa juu ya dari, baridi itoke kila chumba.

Sababu yake ilikuwa nzuri, simnyimi. Mkewe, Faudhia, ana pumu. Miaka yote walikuwa wakilala kwenye nyumba ya zamani, ya udongo na nyasi, na kila msimu wa joto mama wa watu alikuwa akikesha amekaa, akitafuta pumzi. Nyumba mpya ilijengwa ili apumue.

Siku hiyo nilifuatana na Watson kwa sababu nilitaka mchele, wala si kingine. Nikakaa na Faudhia kivulini, tukamwangalia fundi wangu akifanya mambo yake yanayowachekesha watu. Alipima kila chumba kwa futi kamba, urefu, upana, hadi darini. Saa nane mchana akavua shati, akaenda kukaa sakafuni katika kila chumba, peke yake, akitazama jua linaingilia dirisha lipi. Akauliza kama wanapikia ndani. Akauliza chini ya bati kumewekwa nini. Mwisho akatoa penseli sikioni.

"Mzee, humu watalala watu wangapi?"

Bugalama akakunja uso. "Fundi, unanihesabia watu wangu?"

"Hapana, mzee. Kila mtu anatoa joto lake. Lazima nijue."

"Kwetu watu hawahesabiwi kwa mdomo, wala ng'ombe. Usiniulize hivyo tena." Akafikiri kidogo. "Andika mia mbili."

"Mia mbili? Humu ndani?"

"Mwakani namwoza kijana wangu. Wageni mia mbili. Waje kutokwa jasho nyumbani kwa Bugalama?"

Sasa hapo sikumshangaa sana, kwa kuwa sote ndivyo tulivyo. Masufuria tunanunua ya siku ya wageni, viti vya siku ya wageni, vyombo vizuri vinakaa kabatini mwaka mzima vikiwangoja wageni, huku sisi wenyewe tunanywea vikombe vilivyokatika vishikio. Bugalama alitaka kununua baridi kwa mtindo huohuo.

Watson alimweleza taratibu. Nyumba ile ilihitaji mashine ya tani tano. Tani ndicho kipimo ambacho mafundi wanapimia nguvu ya kupoza. Kiyoyozi, alisema, kina kazi mbili: kupoza hewa na kuikamua maji. Kupoza ni haraka, kukamua kunataka muda. "Mashine kubwa mno inapoza kwa dakika tano halafu inazima, mzee. Ni sawa na mtu apitishe dekio mara moja kisha akimbie. Maji yote yanabaki, na mama ana kifua."

"Wewe umezoea malori," Bugalama akamjibu. "Hujawahi kuona nyumba."

Kazi akapewa Ferdinand, fundi mwingine wa viyoyozi, mvaa viatu vyeupe. Huyo hakupima hata dirisha. Alisimama getini, akaitazama nyumba, akasema, "Hii weka tani kumi na tano, mzee, hawatakusahau." Watson akarudi Tunduma bila kazi, na mimi bila mchele.

Mvua zilipochanganya, Faudhia akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa inakatika. "Mama Lusungu, njooni. Njoo na baba Lusungu, aone."

Tulipofungua mlango wa ile nyumba, harufu ilinipiga usoni. Nimenusa samaki wa siku tatu, lakini samaki unajua ni samaki. Hii ilikuwa harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa kwenye begi, na soksi, na kitu kingine ambacho sikutaka kukijua. Mashine ikaunguruma nje, mabomba ya darini yakatumwagia baridi mpaka nikajikunja, kabla sijafunga kanga vizuri ikazima. Kukawa kimya, baridi, na majimaji. Kuta zilikuwa zinatoka jasho. Kwenye pembe za dari kulikuwa na madoa meusi yenye manyoya. Nikaegemea ukuta bila kufikiri, mkono ukateleza kama nimeshika kambale.

Faudhia akatuonyesha kabati. Viatu vya harusi vya mzee vilikuwa vimeota ukungu mweupe. Mkeka wa Faudhia wa kuswalia ulikuwa na vidoa vya kijani. Kisha akamwomba Watson amsaidie kuinua godoro. Chini lilikuwa jeusi, linateleza, na kulikuwa na vijidudu vinatembea. Nilitoka nje nikatema mate mara tatu, na nikiandika hapa bado nayameza. Mama mwenye pumu alikuwa analazwa juu ya kitu kile! Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi kila anapovuta hewa.

"Usilale humu tena, mama," Watson akamwambia. "Zimeni, fungueni madirisha yote."

Bugalama alitukuta uani. Hata salamu hakutoa. "Fundi, inapoza au haipozi?"

"Inapoza, mzee."

"Basi. Haizimwi mpaka harusi ipite. Nimeshawaambia watu."

Nilimtazama yule mzee nikamchukia, nasema kweli. Mkewe anatafuta pumzi hatua mbili kutoka aliposimama, na yeye anawaza atasemwaje. Faudhia hakubishana naye. Siku hiyohiyo alibeba mto, blanketi na sufuria moja, akarudi nyumba ya nyasi. Mzee akabaki na vyumba vinne, akilala na koti, kwa sababu mwanaume hawezi kuikimbia nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Harusi ikafika. Tulialikwa, nikaenda, safari hii nimeapa kurudi na mchele. Wageni walikuwa mia mbili na zaidi. Na walikaa wapi? Nje, jamani! Wazee chini ya turubai, wanawake kwenye mafiga, vijana mbele ya spika. Nani anaingia kujipweteka ndani ya nyumba ya mtu siku ya harusi? Ile mashine ilikuwa inaunguruma na kuzima, ikipoza makochi.

Walioingia walikuwa wakwe tu, watu sita, kwa heshima. Mama wa bibi harusi ametoka Mbebe, huko milimani, baridi kwake si jambo la ajabu. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la soda, kwa hiyo niliona. Alikaa kwenye kochi, akashtuka, akapapasa kitambaa, akanusa vidole vyake. Polepole akavuta kitenge mpaka puani. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka vitenge vyote vikawa puani. Bugalama alikuwa katikati ya hotuba yake kuhusu mashine.

"Samahani, baba mkwe," yule mama akamkatiza kwa adabu kabisa. "Mwanangu ndiyo atalala humu?"

Bugalama akafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Akakohoa mpaka akashika meza.

Kesho yake asubuhi, turubai likiwa bado halijashushwa, alimwita Watson uani. Hakuomba radhi, watu wa namna ile hawaombi. Alisema tu, "Ile uliyosema mwanzo. Ndogo. Ilete."

Watson akasema kwanza nyumba ikaushwe, madoa yasuguliwe, dari ibanduliwe palipooza. Kisha akatoa penseli sikioni. Nikajua swali linalokuja.

"Mzee, humu watalala watu wangapi?"

Bugalama akatazama chini. Akainua vidole viwili, akavishusha, halafu akasema kwa mdomo wake. "Kijana na mkewe. Wawili."

"Na wewe na mama?"

Akamtazama Faudhia. Alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba ya nyasi akichambua mchele wangu, na kifua chake kilikuwa kimya, hata kutoka pale niliposimama nilijua. Bugalama akakohoa tena.

"Muulize yeye."

Faudhia hakuinua uso kutoka kwenye ungo. "Sisi tuko huku, fundi. Mwambie aje, nafasi ipo. Ila lile godoro aliache hukohuko."