Mzingo si Eneo

Niliondoka Mpanda asubuhi moja bila safari yoyote kichwani. Nilikuwa nimemaliza kuosha sufuria katika kibanda cha chakula karibu na stendi. Nikamwambia mama mwenye kibanda naenda kumwaga maji machafu, nikayamwaga kweli, nikaweka ndoo chini, nikachukua begi langu nyuma ya kibanda na kuendelea kutembea. Ndivyo ninavyoacha kazi. Ukiaga unadaiwa sababu, na watu wakishapewa sababu huanza kuijadili.

Sababu yenyewe ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne na kulowa mafuta ya maandazi.

Pale kibandani alikuwa anakunywa chai kila siku mwalimu wa tuisheni, kijana mwenye stashahada na suruali iliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alifundisha watoto wa sekondari katika chumba cha kupanga, na aliwauzia karatasi alizoziita Msamiati Muhimu. Zilikuwa za aina nne: aljebra, jiometri, mantiki na fedha binafsi. Kushoto neno la Kiswahili, katikati la Kiingereza, kulia maana kwa nusu mstari. Zilizoharibika kwenye mashine ya fotokopi alimpa mama mwenye kibanda, akafungia maandazi. Kwa hiyo nami nikazisoma. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo elimu yangu imetoka kwenye vifungashio. Nimesoma nusu ya hukumu ya wizi wa ng'ombe, bajeti ya harusi ambayo ukurasa wa mahari ulikuwa umechanika, na maelekezo ya dawa ya kuoshea kondoo. Sijawahi kupata mwisho wa kitu chochote, lakini naweza kuanza mengi.

Shule ya msingi nilijua eneo ni nini, mzingo ni nini, kimo na kitako cha pembetatu. Nilivijua kama ninavyojua chumvi. Tulipoingia sekondari vitu vilevile vikarudi na majina ya Kiingereza. Pembe butu tuliyoishi nayo miaka yote ikaja na jina geni, na aliyeshindwa kulitamka alichapwa kana kwamba hajawahi kuona pembe. Nilikaa miaka miwili nikichapwa kwa sababu ya vitu ninavyovijua, halafu nikaondoka.

Huyu mwalimu wa tuisheni alikuwa zao zuri la mfumo ule. Alijua kila neno na hakujua kitu hata kimoja. Wanafunzi wake walikuwa wanaimba kama litania kanisani. Yeye anasema, "Mzingo!" Wao, "Perimita!" Yeye, "Eneo!" Wao, "Eria!" Hakuna aliyeuliza chochote. Siku moja nilimpelekea chai nikamuuliza, "Mwalimu, ukijua mzingo wa kitu, umeshajua na eneo lake?"

Akanitazama kama vile kikombe kimeongea. "Dada, hilo swali haliji kwenye mtihani."

"Mimi sina mtihani. Nataka kujua tu."

"Kujua bila mtihani ni umbea," akasema, na benchi zima likacheka.

Asubuhi niliyoondoka, nilikuwa nimekuta kwenye karatasi yake ya aljebra maneno haya: Kipeo cha pili cha tisa ni tatu. Ninavyojua mimi, kipeo cha pili cha tisa ni themanini na moja. Tatu ni kipeuo. Kati ya maneno hayo mawili kuna herufi moja, na yeye alikuwa ameiacha, na watoto zaidi ya ishirini walikuwa wameikariri ikiwa imeachwa. Nikamwonyesha. Akaifuta midomo polepole akasema mashine imekula herufi. Ningependa sana kuiona mashine hiyo ya fotokopi, inayokula u moja katikati ya neno kisha ikasogeza herufi zilizobaki zikakaa vizuri. Lakini benchi likacheka tena, na halikumcheka yeye. Nikaenda kumwaga maji.

Nje ya mji nilisimamisha lori lililobeba marobota ya magunia matupu. Dereva, mtu mnene mwenye taulo shingoni, akatoa kichwa.

"Sista, unashukia wapi?"

"Popote."

"Popote ni kituo gani? Nikupitilize halafu unilaumu?"

Alikuwa anaelekea Usevya kupeleka magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, maana mavuno ya Mpimbwe yalikuwa yameanza. Nikapanda. Tulikatiza hifadhi vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya mbung'o, na mbung'o wakaingia vilevile. Dereva alitaka nimsomee kitu ili asisinzie. Nikatoa begini karatasi ya mantiki, ambayo niliipenda kuliko zote. Kauli: sentensi ambayo ni kweli au si kweli. Sharti. Hitimisho. Mfano kinzani: mfano mmoja unaotosha kuangusha kauli.

"Mmoja tu?" akauliza.

"Mmoja."

"Basi mke wangu ni profesa," akasema, akaua mbung'o kwenye kioo.

Tulifika saa nane mchana. Kwenye uwanja wa mashine kulikuwa na watu kama thelathini, na hawakuja kukoboa. Dereva akaanza kushusha marobota, mimi nikakaa juu ya moja na kusikiliza. Haikunichukua muda kuelewa.

Kulikuwa na mjane, mwanamke wa makamo mwenye kanga mbili za msiba zilizokwisha rangi. Mume wake alifariki masika yaliyopita. Yeye na shemeji yake, mdogo wa marehemu, walitakiwa kugawana shamba la mpunga nusu kwa nusu, na kikao cha ukoo kilishakubali hivyo. Kazi ya kupima alipewa shemeji kwa sababu ndiye aliyefika kidato cha nne. Siku hiyo walikuwa wamekuja kuweka saini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na karatasi ikishawekwa dole gumba, mjane hana tena pa kusemea. Hilo ndilo lilikuwa shamba lake pekee.

Shemeji alikuwa na kamba ya katani ya hatua arobaini, na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, ambazo sikumwona akizitumia. "Nyie wote ni mashahidi," alikuwa anasema. "Nimezungusha kamba kwangu, kamba saba. Nimezungusha kamba kwake, kamba saba. Kamba ileile. Kitaalamu tunaita mzingo. Mizingo ikilingana, mashamba yamelingana. Hiyo ni hesabu, siyo maneno yangu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa neno zuri, mzingo. Lilikaa vizuri mdomoni mwa mtu mwenye kalamu mbili.

"Mimi nalima pale miaka kumi na tisa," akasema mjane. "Lile shamba ni kikaango na mpini wake. Shemeji amechukua kikaango, ameniachia mpini."

Watu wakacheka. Mwenyekiti, mzee mfupi mwenye muhuri ndani ya mfuko wa nailoni, hakucheka. "Mama, mpini una hatua ngapi?"

"Urefu mia na ishirini. Upana ishirini."

"Na kikaango?"

"Sabini kwa sabini," akajibu shemeji haraka. "Zijumlishe pande zote, mwenyekiti. Kwangu mia mbili themanini. Kwake mia mbili themanini. Sijaongeza hata hatua."

Na alikuwa anasema kweli. Hicho ndicho kilichonikera. Kila mkulima pale anajua kwamba sabini kwa sabini ni ekari moja. Wanaijua kwa miguu. Kila mmoja alikuwa anaona mpini ule haufiki ekari, hata nusu yake haufiki. Mjane mwenyewe alishasema kwamba mbegu za mpini zinaisha kabla hajachoka. Lakini limetajwa neno la darasani, na watu wazima thelathini wakaweka macho yao mfukoni. Sijui kama niliwahi kudharau mkusanyiko wa watu kiasi kile, na nimewahi kukaa kwenye mikutano ya kampeni.

Nikasimama juu ya robota. "Mwenyekiti, naomba nitumie hiyo kamba."

"Wewe ni nani?" akauliza shemeji.

"Mpita njia."

"Umesoma mpaka wapi, mpita njia?"

"Kidato cha pili. Sikumaliza."

Walicheka mpaka mwenye mashine akazima injini ili asikie kilichotokea. Shemeji akafungua mikono kuwaonyesha watu: jamani, mnaona mambo. Kwa kuwa alishacheka, hakuweza tena kuninyima kamba. Akanitupia.

Nilifunga fundo kipande chake kikawa duara, sehemu iliyobaki nikaiacha imeviringishwa pembeni. Nikaomba watu wanne washike, kila mmoja kona yake, wavute. Ukatokea mraba mzuri tu chini kwenye vumbi. Nikamwomba dereva magunia matupu. Alisema magunia si yake, akanipa. Nikayatandaza ndani ya kamba moja moja, na watu wakaanza kuhesabu nami bila kuombwa. Yakaingia kumi na mawili.

"Sasa kamba isiongezwe wala isipunguzwe," nikasema. "Nyie wawili rudini nyuma kule, nyie wawili nyuma huku. Ifanyeni mpini."

Wakavuta ikawa ndefu na nyembamba. Nikatandaza tena. Yakaingia matano. Lile la sita lilikaa nje ya kamba, nusu yake kwenye kinyesi cha kuku.

"Rudini nyuma zaidi," nikasema. "Mpaka kamba zikutane."

Wakarudi. Kamba ikawa mistari miwili iliyolaliana. Ndani yake hata unyoya usingeingia.

"Magunia mangapi?" akauliza mwenyekiti.

"Hakuna," akajibu mama mmoja nyuma. "Na kamba ni ileile! Shemeji, sogea basi mpaka hapo, ukalime!"

Hapo ndipo kicheko kilipohama. Nakijua kicheko kinavyohama, nimekipokea upande wa pili mara nyingi. Wale wale waliokuwa wanatikisa vichwa kwa mzingo sasa walikuwa wanasema tangu mwanzo walijua. Mmoja aliniita mwalimu. Nilimwangalia vibaya.

"Magunia siyo shamba," akasema shemeji. Alikuwa ameanza kutoka jasho juu ya mdomo. "Huo ni mchezo. Ilete kwa fomula."

Fomula sikuwa nayo. Nilikuwa na karatasi yenye mafuta. Nikasema, "Hii inaitwa mfano kinzani. Kauli yako ilisema mizingo ikilingana mashamba yamelingana. Mfano mmoja unatosha kuiangusha, na nimekupa miwili."

Na hapo, naandika hili bila kujivunia, nikaona vichwa vikitikisika tena kwa namna ileile. Hawakuwa wanayaangalia magunia. Walikuwa wanalisikiliza neno. Kama ningekuwa mwongo wangetikisa vilevile. Nikalikunja lile neno na kulirudisha mfukoni.

Mwenyekiti aliutoa muhuri kwenye mfuko wa nailoni, akautazama, akaurudisha. "Leo haigongwi," akasema. "Kesho asubuhi tunakwenda shambani wote. Tunapima kwa hatua, sabini kwa sabini kama baba zetu, kwake na kwako, na kikaango kitakatwa mpaka palingane. Na hatua nazipiga mimi, siyo mtu mwenye miguu mirefu, kisha tunahakikisha kwa kamba."

Shemeji akachukua karatasi yake, akaanza kuviringisha kamba begani.

"Kamba inabaki," akasema mjane.

"Kamba ni yangu, shemeji."

"Ilikuwa ya kaka yako. Nimefunga nayo ng'ombe miaka saba. Mwenyekiti, kamba ikilala kwake kesho itaamka na hatua thelathini na tano."

Shemeji aliiacha ikaanguka, akaondoka na kalamu zake mbili.

Dereva alinikunjia magunia, akaniuliza kama popote ndiyo hapa. Nikasema bado sijui. Mjane alikuwa ameshaokota kamba na begi langu, vyote kwa mkono mmoja, na alikuwa anatangulia njia ya nyuma ya mashine bila kugeuka kuona kama ninamfuata. Nikafuata.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba viwili na banda la jiko. Alinipa chumba kilichokuwa na mpunga wa mbegu kwenye debe, jembe, picha ya Bikira Maria iliyopauka upande wa dirisha, na godoro jembamba juu ya kitanda cha mbao. Akaniletea maji ya kunawa, akasimama mlangoni.

"Lile neno lako. Mfano nini?"

"Kinzani."

"Kesho usiliseme."

"Kwa nini, dada?"

"Yeye ana maneno mengi kuliko wewe. Leo usiku atakwenda kutafuta lingine. Ukisema neno, naye atasema neno, na hawa watu watakaa katikati wanatikisa vichwa mpaka mvua inyeshe. Kesho wewe hesabu hatua tu, kwa sauti, nami nitahesabu nyuma yako."

Nimekaa na walimu, nimekaa na wanafunzi wao, nimesoma karatasi zote nne. Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akisema jambo la maana kuhusu msamiati.

Nikamuuliza kama nitalala bila mto. Akasema mto upo. Akaingia, akaiweka ile kamba ya katani, hatua arobaini zilizoviringishwa vizuri, kichwani pa godoro, akatandika juu yake upande mmoja wa kanga yake.

"Asubuhi nitaipima kabla hatujatoka, hata kama imelala kwako," akasema, akanionyesha komeo lilipo.