Kizibo cha Kushoto

Seremala yule alikuwa na ugonjwa wake. Kwa miaka thelathini aliongea huku amebana misumari midomoni, na ukimwambia ateme kwanza, ananuna siku nzima. Mkewe alikata tamaa, akazoea kumwelewa hivyo hivyo.

Alipostaafu alijiundia mashua ndogo ya mitumbwi miwili, ya kuvutwa na gari na kuunganishwa ufukweni. Asubuhi ile waliishusha kwenye tela, wakafunga mihimili, wakatandaza wavu wa kukalia, wakasimamisha mlingoti. Kila mtumbwi ulikuwa na tundu la kutolea maji, na kizibo chake cha mpira. Alikuwa amekaza cha kulia na kushika cha kushoto, mkewe akamwita, mlingoti unayumba. Alikwenda mbio kuudaka.

Mashua ilipoingia majini ikaelea kama bata. Seremala akarukia wavuni, kifua mbele. Hakumaliza hata kutabasamu, upande wa kushoto ukaanza kuzama.

Aliduwaa. Maji yakapanda wavuni mpaka magotini. Miaka miwili ya kazi ilikuwa inakwenda chini, naye anatazama tu kama mgeni msibani.

"Kizibo," aliguna kwa shida. "Mama watoto, nani kachukua kizibo cha kushoto?"

Mkewe, maji kiunoni, alimkodolea macho. Kizibo kilikuwa kimebanwa midomoni mwa mumewe, kama msumari.

"Baba watoto," akasema polepole, "tema."